Pampu iliyopimwa kwa umeme mwingine: uchambuzi wa kisa kimoja cha Goma

Pampu ilifunguliwa, ikasafishwa, ikafungwa upya, na kila mstari wa karatasi ya kazi ukawekewa tiki. Ilipowashwa kwa umeme wa laini, yaani wa gridi, geji ya shinikizo ya upande wa kusukumia ilipanda hadi bar 5.2 ikakwama hapo. Tangi la juu halikupata hata tone. Baada ya dakika nne ganda la pampu lilikuwa la moto kiasi kwamba mkono haukukaa juu yake, na mwendesha mtambo akazima.

Kisa hiki ni cha kufundishia. Kituo hakitajwi, na vipimo ni vya pampu ya ukubwa unaopatikana katika vituo vingi vya maji. Tunakichambua kwa sababu hakuna fundi aliyekuwa mvivu: majaribio yalifanyika, vipimo viliandikwa, na hata hivyo pampu ilikataa kazi mara mbili. Jaribio lolote ni la hali ile lililofanyiwa. Ukigusa waya, bomba au chanzo cha umeme baada yake, ile tiki imekufa, hata kama wino bado mbichi.

Pampu na mahali ilipo

Kituo kiko Goma, kando ya ziwa Kivu, juu ya mawe meusi ya lava. Pampu ni ya mlalo, ya impela moja, yaani gurudumu moja la mabawa linalosukuma maji. Flanji (mdomo wa kufungia bomba kwa bolti) ya kunyonyea ni mm 80, ya kusukumia mm 65, na impela ina kipenyo cha mm 250 hivi. Mota ni ya kilowati 37, volti 400, hezi 50, mizunguko 2,960 kwa dakika, na kibao chake kinaonyesha ampia 65. Inawashwa kwa starta ya nyota-pembetatu, kiwashio kinachoianzisha mota kwa nguvu ndogo kwanza. Kazi yake ni kupeleka mita za ujazo 100 kwa saa kwenye tangi lililo mita 65 juu ya uso wa ziwa. Msuguano wa mabomba unakula mita 15 nyingine, jumla mita 80.

Kuna jambo la Goma ambalo kitabu cha pampu hakikuambii. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,460 juu ya bahari. Hewa ya hapo ina nguvu ya kilopaskali 85 hivi, sawa na safu ya maji ya mita 8.7. Mombasa au Dar es Salaam ungepata mita 10.3. Sasa piga hesabu ya upande wa kunyonya: mita 8.7, toa mita 0.3 za shinikizo la mvuke wa maji ya nyuzi 24, toa mita 3.2 ambazo pampu imekaa juu ya ziwa, toa mita 0.9 za msuguano wa bomba na chujio. Zinabaki mita 4.3. Pampu hii inadai mita 3.4 upande wa kunyonya ikitoa mita za ujazo 100 kwa saa. Ziada ni chini ya mita moja. Bomba la kunyonyea likivuta hewa kidogo tu, au chujio likiziba nusu, ziada yote imekwisha na impela inaanza kutafunwa na mapovu.

Maji yenyewe ni ya alkali na huacha ukoko mweupe ndani ya ganda. Mchanga wa volkano unaoingia kupitia chujio huzila pete za impela mapema kuliko mchanga wa mtoni. Ndiyo sababu pampu hii ilifunguliwa: nafasi kati ya impela na pete yake ilikuwa imefika mm 1.1, beringi ya upande wa mota ilikuwa inalia, na sili, kizibo cha maji kwenye shafti, ilikuwa inatiririsha.

Kabla ya kuifungua mafundi walifanya jambo jema lililookoa kazi baadaye: walifunga vali ya kutolea kwa dakika moja pampu ikizunguka, wakaandika shinikizo. Bar 7.9. Pampu mpya ya aina hii, vali ikiwa imefungwa, hufika mita 92. Ukitoa mita 3.2 za kunyonya, geji inapaswa kusoma bar 8.7. Pengo la bar 0.8 ndilo lililokuwa likirudi nyuma kupitia pete zilizolika. Hicho ni kipimo cha bure, hakihitaji mita ya maji wala kompyuta, na kituo kisichokiandika kinajinyima ushahidi wake bora.

Kufunga upya

Sehemu kubwa ya kazi ilifanywa vizuri, na inafaa kuonyeshwa ilivyofanywa.

Shafti iliwekwa juu ya vitalu viwili vya V, komparateri (saa ya kupimia mchezo mdogo) ikasimamishwa katikati, shafti ikazungushwa kwa mkono. Sindano ilicheza mm 0.03. Mpaka wa pampu ya kasi hii ni mm 0.05. Ikivuka hapo, usibadilishe kitu kingine chochote kabla ya shafti, kwa maana sili mpya itakufa ndani ya wiki chache.

Beringi ni mbili, zote namba 6309: tundu mm 45, nje mm 100, upana mm 25. Kiti cha shafti kilipimwa kwa maikromita kikasoma mm 45.010, yaani beringi inaingia kwa kubana. Kubana huko ndiko kunakoishika, kwa hiyo haipigwi nyundo. Kituo hakina hita ya sumaku. Walichukua sufuria safi, wakamimina mafuta mapya ya mashine, wakaiweka kwenye moto wa makaa mbali kidogo na jengo, na beringi ikaning'inizwa kwa waya isiguse chini ya sufuria, kwa sababu chini ndiko kwenye moto mkali kuliko mafuta yenyewe. Kipimajoto kiliachwa ndani muda wote. Nyuzi 95 zilipofika, beringi ilitolewa kwa glovu kavu na kusukumwa hadi begani mwa shafti kwa mwendo mmoja. Kwa joto hilo tundu hufunguka kama mm 0.04, ndiyo maana huteleza bila nguvu. Nyuzi 120 ni ukuta: ukizivuka, chuma cha beringi kinaanza kupoteza ugumu wake. Beringi iliyozibwa pande zote mbili haitumbukizwi kwenye mafuta hata kidogo, kwa sababu grisi yake ya kiwandani itayeyuka na kutoka.

Ikishaingia, ishikilie dhidi ya bega mpaka ipoe. Inapopoa hujivuta nyuma, na pengo la unyuzi linabaki ambalo hutaliona mpaka shafti ianze kusogea mbele na nyuma.

Grisi ilijazwa ndani ya beringi yenyewe, na theluthi moja tu ya nafasi iliyobaki kwenye nyumba yake. Kwa kuongeza baadaye, kanuni ya kawaida ni kipenyo cha nje mara upana mara 0.005. Hapa 100 × 25 × 0.005 ni gramu 12.5. Bunduki ya grisi haiandiki gramu, kwa hiyo pima mara moja: piga mara kumi kwenye kipande cha nailoni, weka kwenye mizani ya dukani, gawanya kwa kumi. Wengi wakijua bunduki yao inatoa kiasi gani kwa pigo moja, huacha kuua beringi kwa wema.

Pete mpya ya ganda ilipimwa mm 140.00 na shingo ya impela mm 139.62. Nafasi ni mm 0.38, ndani ya mm 0.30 hadi 0.40 zinazotakiwa. Hapa kuna kishawishi cha kubana zaidi ili maji yasirudi. Pete ikibana mno, mchanga wa kwanza utakaopita utazikwaruza zote mbili na kuzishikanisha.

Sili ndiyo inayodai usafi kuliko zote. Nyuso zake mbili, moja ya kaboni na moja ngumu, zimesuguliwa tambarare kiasi kwamba alama ya kidole ni uchafu. Zilifutwa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi. Mpira wa ndani ulikuwa wa aina ya EPDM, kwa hiyo ulilainishwa kwa maji ya sabuni. Grisi ya kawaida huuvimbisha mpira huo, na sili itavuja ingawa nyuso zake ni nzima. Springi iliwekwa kwa urefu uliopimwa wakati wa kufungua.

Ganda lilifungwa kwa gasketi mpya na bolti 12 za M12, kwa mtindo wa msalaba na hatua tatu: 20, 45, kisha 65 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Baada ya kila hatua shafti ilizungushwa kwa mkono, na hilo ni muhimu kuliko namba za spana. Ikishika mahali pamoja katika kila mzunguko, kuna kitu kimepinda au pete inagusa upande mmoja. Ikikwaruza mzunguko wote kwa usawa, impela imekaa mbele mno au nyuma mno. Hapa ilizunguka nzito kidogo, sawasawa, uzito wa sili mpya.

Mpaka hapo hakuna la kulaumu.

Yaliyofuata siku mbili

Laini ya umeme haikuwa na moto siku hiyo, kwa hiyo jenereta ilikodishwa na kuunganishwa kwa kebo ya muda. Kapulingi, kiungo cha shafti ya mota na ya pampu, ikiwa bado imeachanishwa, mota iliguswa umeme kwa sekunde moja ili kuona mwelekeo. Ilizunguka kinyume cha mshale. Fundi umeme akabadilishana waya mbili kati ya tatu za umeme (fezi) kwenye mlango wa starta, chini ya swichi ya kuchagulia umeme. Mota ikaguswa tena, ikafuata mshale. Tiki.

Kisha shafti za mota na pampu zikalinganishwa, pampu ikiwa bado huru bila mabomba. Komparateri ilisoma kupishana kwa mm 0.04 na mkunjo wa mm 0.03 kwa kila mm 100. Kwa kasi ya mizunguko 3,000 hivi, mm 0.05 kwa vyote viwili ni kazi nzuri. Tiki nyingine.

Kesho yake mabomba yakafungwa. Vali ya kuzuia maji kurudi, klape, iliyokuwa imeshushwa ili isafishwe, ilirudishwa na gasketi mpya pande zote mbili. Mchana umeme wa laini ukarudi. Kapulingi ikafungwa, ganda na bomba la kunyonyea vikajazwa maji kutoka juu, hewa ikatolewa kwenye tundu la juu la ganda mpaka maji yakatoka bila mapovu, na maji yakaachwa nusu saa kuhakikisha vali ya mguu iliyoko ziwani inayashikilia. Haikushuka hata kidole. Swichi ikageuzwa kwenye laini.

Nje ya ua bidoni (madumu) za njano zilikuwa tayari kwenye foleni. Mabomba ya mtaa yakikauka Goma, watu hushuka ziwani kuchota, na mji huu unajua gharama ya maji mabichi: kipindupindu cha 1994 kiliua watu maelfu. Mtu asiyeelewa kwa nini mafundi waliharakisha hajawahi kusimama mbele ya foleni hiyo.

Bar 5.2: walichodhani, na geji zilichosema

Dhana ya kwanza ilikuwa hewa ndani ya pampu. Walitoa hewa tena, wakajaza tena, wakawasha tena: 5.2. Dhana ya pili ilikuwa klape imekwama, ikagongwa kwa nyundo ya mbao. Ya tatu ilikuwa pete mpya, na mtu mmoja alikuwa ameshachukua spana kufungua ganda.

Kila dhana ilikuwa na jibu lake ukutani. Pampu yenye hewa hairudishi namba ileile. Sindano huyumba, hushuka, na mlio hubadilika. Hii ilisimama kwenye 5.2 kama imepigiliwa. Kuhusu klape, kuna geji mbili, moja kabla yake na moja baada yake. Ya kabla ilisoma 5.2 na ya baada 6.1. Hizo bar 6.1 ni safu ya maji yaliyomo kwenye bomba mpaka tangini: mita 65 toa mita 3.2, yaani mita 61.8. Klape ilikuwa inabanwa kutoka juu kwa nguvu kubwa kuliko iliyokuwa ikiisukuma kutoka chini. Ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Pete mpya zingepandisha shinikizo, si kulishusha. Impela iliyoziba takataka ingepunguza wingi wa maji, lakini vali ikifungwa shinikizo lingekaribia lile la kawaida, kwa sababu hilo linategemea kipenyo na kasi. Kipenyo hakikubadilika. Kasi je? Bar 5.2 ni mita 53, jumlisha 3.2, ni mita 56. Zinazotarajiwa ni 92. Ili kasi peke yake ishushe namba hiyo mpaka asilimia 61, mota ingelazimika kuzunguka kwa hezi 39, na laini haitoi hezi 39.

Unabaki mwelekeo. Pampu ya aina hii ikizunguka kinyume hainyonyi kutoka juu na kurudisha ziwani, kama wengi wanavyodhani. Inaendelea kusukuma upande uleule, kwa sababu umbo la ganda halijabadilika, ila mabawa ya impela yanayapiga maji kwa mgongo, na nguvu inashuka hadi karibu nusu au zaidi kidogo. Tangi likiwa karibu, maji yangefika kidogo na kosa lingejificha miezi. Hapa tangi liko juu kuliko uwezo wa pampu inayozunguka kinyume, kwa hiyo halikupata kitu, na pampu ikabaki kuyachemsha maji yaleyale.

Joto lile lina hesabu yake pia. Kilowati 15 hivi zinazoingia kwenye lita 12 za maji zisizotoka, pamoja na chuma cha ganda, hupandisha karibu nyuzi 10 kila dakika. Dakika nne zinatosha kutoka nyuzi 24 za ziwa hadi zaidi ya 60.

Fundi mkuu alipofika alisoma geji mbili kwanza, kisha akauliza mwelekeo. Kijana wa zamu alijibu bila wasiwasi:

"Shefu, tulishapima jana. Ilikuwa inazunguka muzuri."

"Mulipima na kuran gani, mudogo? Ya gurupe ao ya laini?"

Kuran ni umeme, na gurupe ni jenereta. Swali hilo moja lilimaliza saa mbili za kugonga klape. Mfuatano wa fezi wa jenereta iliyokodishwa ulikuwa kinyume cha ule wa laini. Kwa kubadilisha waya chini ya swichi ya kuchagulia, walirekebisha jenereta na kuharibu laini kwa mkono mmoja. Mahali sahihi palikuwa kwenye jenereta yenyewe, juu ya swichi, ili kila chanzo kifike kwenye swichi kikiwa na mfuatano uleule. Kipima mfuatano wa fezi ni kifaa kidogo kinachoenea mfukoni, na kingeonyesha tofauti hiyo kabla mota haijaguswa.

Mwelekeo ulithibitishwa kwa kuwasha na kuzima mara moja, macho yakiwa kwenye feni ya mota inapopunguza kasi. Usiiangalie ikiwa kwenye kasi kamili, na usitegemee video ya simu: kamera hupiga picha kwa vipindi, na gurudumu linaloenda mbele linaweza kuonekana linarudi nyuma.

Waya za starta zilirudishwa zilivyokuwa, na waya mbili zikabadilishwa kwenye jenereta. Kabla ya kuwasha tena mambo matatu yaliangaliwa. Impela ilikuwa imeshikwa kwa kii na nati ya kujifunga, kwa hiyo haikulegea. Ingekuwa ya kuskrubiwa kwenye shafti, kuzunguka kinyume kungeifungua na kuisukuma kwenye ganda. Springi ya sili ilikuwa ya mviringo ulionyooka. Zile za umbo la pia (koni) hufanya kazi upande mmoja tu, na kinyume hujifungua. Na ganda liliachwa lipoe lenyewe. Maji baridi yakimiminwa kwenye pampu ya nyuzi 60 yanaweza kuupasua uso mgumu wa sili, na ufa wake hauonekani mpaka ianze kuvuja.

Kosa la pili lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza

Sasa vali ya kutolea ikiwa imefungwa, geji ilisoma bar 8.6. Ilitarajiwa 8.7. Pete mpya zilikuwa zimeirudishia pampu nguvu yake, na hilo likathibitika ndani ya dakika moja.

Vali ilifunguliwa taratibu, robo kwanza. Hili si adabu tu. Bomba la juu likiwa limemwagwa wakati wa kazi, hata sehemu yake tu, halina uzito wa kutosha kuizuia pampu. Ukifungua vali yote, maji yatavuka mita za ujazo 100 kwa saa, mahitaji ya kunyonya yatapita zile mita 4.3 ambazo hewa ya Goma inatoa, na utasikia mlio wa changarawe ndani ya ganda huku ampia zikipanda. Pampu ileile ufukweni mwa bahari ingevumilia. Hapa haivumilii.

Sili ilidondosha matone sita dakika ya kwanza, kisha yakapungua, na baada ya dakika kumi pakawa pakavu. Hivyo ndivyo sili mpya inavyojikalisha.

Lakini ilipofika dakika ya 40, beringi ya upande wa mota ilikuwa nyuzi 84 na inaendelea kupanda, na mtetemo ulikuwa mm 7.4 kwa sekunde. Pampu ya ukubwa huu ikiwa nzima hukaa chini ya 3. Ikivuka 4.5 inasimamishwa.

Wengine walisema ni grisi mpya, na hoja hiyo si ya kudharau. Beringi iliyopakwa grisi upya hupanda joto saa ya kwanza wakati grisi inajipanga, kisha hushuka yenyewe. Ila grisi haitetemeshi pampu. Joto likipanda peke yake, ngoja na uangalie. Joto likipanda pamoja na mtetemo, zima.

Karatasi ilisema ulinganifu ni mm 0.04. Ilikuwa kweli, kwa pampu isiyo na mabomba. Komparateri ikafungwa kwenye kapulingi, vali zikafungwa, maji ya ganda yakatolewa, kisha bolti za flanji ya kusukumia zikalegezwa moja moja. Sindano ikaanza kutembea. Bolti ya mwisho ilipolegea ilikuwa imesogea mm 0.27, na flanji mbili zikaachana kwa pengo la mm 3.

Pengo lilitoka kwenye gasketi. Klape ya zamani ilikaa kati ya gasketi mbili za mm 3. Zilizonunuliwa zilikuwa za mm 1.5. Milimita tatu zilipotea, na bomba la chuma lililobanwa kwenye nguzo yake halikuweza kushuka kuzifuata, kwa hiyo bolti zikainyanyua pampu. Fundi aliyekaza hakuhisi kitu, kwa sababu spana ndefu huficha nguvu. Kanuni ni hii: flanji ya bomba ikutane na ya pampu kwa mkono, bolti ziingie bila kulazimishwa kwa nondo, na komparateri iliyo kwenye kapulingi isisogee zaidi ya mm 0.05 wakati wa kukaza. Kwa hiyo ulinganifu hupimwa mara mbili, bomba likiwa bado na bomba likiwa limefungwa, na kipimo cha pili ndicho kinachoandikwa kwenye karatasi.

Kibano cha nguzo kililegezwa, gasketi za mm 3 zikatafutwa mjini, bomba likakaa lenyewe, kisha kibano kikakazwa mwishoni. Sindano ilisogea mm 0.02. Ulinganifu ukasahihishwa hadi mm 0.04, safari hii mabomba yakiwa yamefungwa.

Jaribio lililokubaliwa

Vali ikiwa imefungwa: bar 8.6. Vali ikiwa wazi na bomba limejaa: bar 7.1 kwenye flanji ya pampu, ampia 54 kwa volti 392, fezi zote tatu zikikaribiana. Kituo hakina mita ya maji, kwa hiyo tangi likatumika. Sakafu yake ni mita 10 kwa 10. Vali zote za kwenda mjini zilifungwa kwa dakika 10, na maji yakapanda sentimita 16.5. Hizo ni mita za ujazo 16.5, sawa na 99 kwa saa.

Mtetemo ulikuwa mm 1.9 kwa sekunde. Beringi ya upande wa mota ilipanda hadi nyuzi 66 katika saa ya kwanza, ikashuka na kutulia kwenye 57 baada ya saa tatu. Hiyo sasa ndiyo grisi ikijipanga.

Karatasi ya kazi ilibadilishwa. Mstari wa mwelekeo sasa una visanduku viwili, laini na jenereta, na kila kimoja kinadai kipimo chake. Mstari wa ulinganifu umehamishwa chini ya mstari wa mabomba. Karibu na tiki kuna nafasi ya kuandika saa, ili kazi yoyote iliyofanyika baada ya saa hiyo ionekane. Imeagizwa pia relei ya mfuatano wa fezi kwa ajili ya starta, itakayokataa kuwasha mota fezi zikiwa zimegeuka. Mpaka ifungwe, jenereta ya kukodi haiunganishwi bila kipima fezi kupita kwanza kwenye kebo yake.

Siku ya tatu bolti za flanji zilikazwa tena kwa spana ya kipimo, kwa kuwa gasketi mpya hulegea kidogo, na komparateri ikarudishwa kwenye kapulingi baada yake. Mm 0.04.